Mwaka Ng'ombe wa Mama Limi Walipokataa Maji Yangu

Ninyi mtakaosoma daftari hili, wajukuu zangu na wengine mtakaolikuta, kaeni chini kwanza, wekeni simu pembeni, msome kwa kutulia. Mimi niliishia darasa la nne na mkono wangu wa kuandika ni mzito. Nikikosea herufi rekebisheni, maneno yangu msiyaguse. Wiki iliyopita tulimzika Mama Limi. Mliniona nimekaa chini na wafiwa siku tatu, nikamsikia mmoja wenu akinong'ona jikoni, "Bibi analia hivyo, kwani ni ndugu yake?" Si ndugu yangu. Yeye alipanda kutoka bonde la Momba, kwa watu wa ng'ombe; mimi ni wa juu huku, kwa watu wa kahawa, na ukoo wake na wangu haujawahi kuoleana. Nimelia kwa sababu kuna mwaka mmoja nilimtenda vibaya, na mwaka huo ndio ulionifanya niwe hivi mnavyoniona, mtu wa kunusa kikombe kabla ya kunywa. Sababu ya pili ya kuandika ni hii: nasikia kuna mmoja wenu anataka kununua kiwanja pale palipokuwa yadi, eti ni bei chee na gari linafika mlangoni. Asome kwanza. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa nani. Hayo mnayajua, na asiyejua aulize.

Mwaka huo Neema, ambaye sasa yuko kidato cha tatu na anajibu watu anavyotaka, alikuwa mtoto wa miaka minne. Baba yake, mwanangu, alikuwa safarini na roli muda wote, kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi, Tamari mama yake, na yeye. Nyumba ni hii hii, vyumba vitatu na jiko la nje, hapa pembezoni mwa Tunduma ambako ardhi inashuka kuelekea bondeni. Kisima changu kilikuwa nyuma ya jiko. Chini ya kisima kulikuwa na bustani, mchicha, majani ya maboga na mahindi ya kuchoma. Juu yetu, mwendo wa kumaliza Baba Yetu mara mbili, ndipo ilipokuwa yadi ya maroli. Ilizungushiwa mabati, na ndani yake matenki yaliyorudi matupu kutoka ng'ambo yalioshwa kabla ya kupakia mzigo mwingine. Kibanda changu cha chakula kilikuwa mbele ya geti lake. Madereva wa Zambia waliniita Bamayo, yaani mama kwa Kibemba, wakiuliza nshima, ugali wa kwao, ipo, nami nikiwajibu hapa ni Tanzania, nshima hakuna, ipo ugali, wanacheka na kukaa. Nilipikia maji ya kisima changu na nilijivuna nayo, maana wengine walihangaika na bomba linalotoka siku moja na kukatika siku nne. Wazee walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Uzazi wangu, yaani riziki yangu, ulikuwa pale getini. Ndiyo maana nilimshuku kila mtu mwaka ule isipokuwa ile yadi.

Wa kwanza kumshuku alikuwa Tamari. Ilikuwa kiangazi, maji yameshuka kisimani, na asubuhi moja nikaonja chai ikanijia harufu ya mafuta ya taa. Nikamwita. "Hii ndoo umeitilia mafuta ya taa?" Akasema hapana, mama. Nikamwambia asinidanganye, mafuta ya taa hayatembei yenyewe. Akainama akaisugua ndoo kwa majivu, akaisugua tena, harufu ikabaki. Baadaye ukaanza kuonekana utando juu ya maji, mwembamba, wenye rangi rangi unapopigwa na jua. Mimi na akili zangu nikausogeza pembeni kwa kata, nikachota chini yake, nikachemsha. Nilijua maji yaliyochemka ni salama. Zahanati walitufundisha hivyo na niliwafundisha wengine. Jiko zima likawa linanuka kama kituo cha mafuta, Tamari anafuta macho, mimi namwambia apulize moto vizuri.

Kiangazi hicho hicho kisima cha Mama Limi kilikaribia kukauka. Kwake ni upande wa pili wa mgongo wa kilima, alikuwa na ng'ombe sita na aliuza maziwa mtaa mzima. Akaja kuniomba, kwa adabu zote, anyweshee kwangu mpaka mvua inyeshe. Nikamkubalia, nikamtolea na karai kubwa. Siku ya kwanza ng'ombe wake wa mbele, jike jeusi lenye pembe moja iliyopinda, aliinamisha kichwa, akapumua juu ya maji, akarudi nyuma. Wa pili akafanya vile vile. Ng'ombe waliotembea na kiu tangu asubuhi! Mama Limi akachota kwa kiganja, akanusa, akamwaga chini.

"Mama Frida," akaniambia, "ng'ombe wamekataa."

"Wamekataa nini? Maji haya tunakunywa sisi."

"Ndiyo nakuambia. Ng'ombe hakatai maji bure. Sisi kule bondeni ng'ombe akikataa kisima, na watu wanahama."

"Basi wahamishe," nikamjibu.

Akawaondoa, akawapeleka mbali mtoni. Mimi nikabaki na karai langu limejaa na hasira imejaa. Hapa kwetu mtu akikataa maji ya mwenyeji, amemwambia mwenyeji kwamba ni mchawi. Huo ndio utaratibu tuliokulia. Mgeni anapewa maji, hata kama hana kiu anagusa midomo. Sasa huyu amekuja kuomba mwenyewe, kisha anamwaga mbele yangu, na anaweka mdomo wangu chini ya mdomo wa ng'ombe. Nilipowasimulia wanawake pale kibandani, mmoja akasema, "Mwenye kutega anajua mtego ulipo. Kwa nini ng'ombe wake peke yao ndio wajue?" Neno hilo lilinikaa. Nilirudi nalo nyumbani, nikakaa nalo, nikalilisha. Kabla ya Mama Limi kuleta ng'ombe nilikuwa na ndoo tu yenye harufu. Baada ya yeye kuja, nikawa na mtu wa kumlaumu.

Kisha Neema akaanza kuumwa. Alitapika, akashika kichwa, akatoka vipele mikononi na miguuni, kwenye mikunjo, ngozi ikawa inabanduka kama ganda la kitunguu. Zahanati wakatoa dawa ya minyoo, mara ya pili ya amiba, mara ya tatu ya kupaka. Tamari alimpeleka kwa bibi yake mwingine, kule Mlowo, na baada ya wiki mbili mtoto akawa anakimbizana na mbuzi. Alipomrudisha, siku kumi hazikufika, akalala tena. Mtu mwenye akili angekaa akajiuliza: Mlowo kuna nini ambacho hapa hakipo, na hapa kuna nini ambacho Mlowo hakipo? Mimi nilijijibu upesi, kwamba uchawi wa Mama Limi haufiki Mlowo. Tamari alijaribu. Nakumbuka alikuwa anachambua mboga, hakuinua macho, akasema, "Mama, labda tujaribu maji mengine." Nikamwambia, "Na wewe umekatazwa maji na ng'ombe?" Akarudia mboga zake. Mkamwana wa siku zile hakubishana na mama mkwe mara mbili.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana hiki ndicho kinachonilaza chali mpaka leo nikiwaza. Neema alikuwa akinywa kikombe cha maziwa ya Mama Limi kila asubuhi. Nikayakataza. Nikasema maziwa ya mchawi hayaingii nyumbani kwangu. Badala yake nikampikia uji mwenyewe kwa mkono wangu, uji wa ulezi mwepesi ili aumeze, kwa maji ya kisima changu. Kikombe kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Jambo pekee safi lililokuwa likiingia tumboni mwa mtoto yule, mimi ndiye niliyelizuia mlangoni.

Mvua za kwanza zilipoanza, nikamkuta Mama Limi njiani mbele ya wanawake wanne, nikamwambia maneno ambayo mtu haokoti tena. "Ulichoweka kisimani kwangu njoo ukitoe. Mtoto anakufa."

Alishusha kibuyu chake cha maziwa chini taratibu. "Mimi nimekuambia ukweli kwa mdomo, na ng'ombe wangu wamekuambia kwa pua," akasema. "Ungekuwa na pua ya ng'ombe, Mama Frida, mjukuu wako angekuwa amepona."

Wanawake wakaguna. Tangu siku hiyo maziwa yake hayakununuliwa mtaani kwetu. Nilimwona kwa macho yangu akimwaga ndoo nzima iliyochacha kwenye mtaro, na nikajisikia nimeshinda.

Pale getini kulikuwa na mlinzi, Mzee Julai, mtu wa Iyula, mpole, kanisani hakosi. Alikula kwangu tangu nifungue kibanda. Lakini alikuja na dumu lake dogo la maji, na nilipomwekea kikombe alikisogeza pembeni. Baadaye akaacha hata mchuzi, akawa anataka ndizi ya kuchoma na muhogo wa kuchoma tu, anasingizia tumbo. Mimi nilifikiri naye amepewa maneno na Mama Limi. Siku moja kulikuwa na mvua ya rasharasha, kibandani tulikuwa wawili, na nje, upande wa pili wa mabati, tukawasikia waoshaji wanaongea kwa sauti, kama watu wasiojua kwamba bati halizuii sauti.

"Shimo limejaa tena, bosi anasemaje?"

"Anasema fungulia chini. Mvua itabeba."

"Chini kuna watu, kaka."

"Kwani watu wanakunywa tope? Fungulia, tukale."

Nikasikia kitu kinatiririka. Nikamtazama Mzee Julai, naye akatazama ndizi yake. Hapo ndipo kitu kiliponigeuka kichwani. Wote wanaokula hapa kibandani wanakunywa maji yangu, isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo ndiye anayefungua na kufunga geti la yadi. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Nikamchotea maji kikombe, nikakiweka katikati ya meza. "Mzee Julai, kunywa."

"Mama, tumbo langu..."

"Wewe ni mzee wa kanisa. Kunywa, au niambie."

Aliweka ndizi chini, akachungulia getini kama kuna mtu. Kisha akasema, na sauti ikiwa chini, "Mama Frida, nisamehe. Siyo dizeli peke yake. Kuna matenki yanakuja yamebeba vitu vya migodini, yana alama ya fuvu la kichwa. Yote yanaoshwa hapa, maji yanakwenda kwenye shimo lile lile, na lile shimo halina saruji, ni udongo mtupu. Kiangazi linanywewa na ardhi. Masika wanalifungulia."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na mimi nakupikia kila siku, unaniangalia."

"Nina kibarua, mama. Wangejua ni mimi."

Nilinyanyuka nikamwaga sufuria la maharage lililokuwa jikoni, lote, mbele ya wateja waliokuwa wanaingia, na nikafunga kibanda. Dereva mmoja akaniuliza, "Bamayo, leo tutakula nini?" Nikamjibu kamuulize bosi wa yadi. Sikuwa nacheka, ila walicheka.

Ofisi ya mtaa walinizungusha. Aliyekuwepo alisema hawezi kwenda kinyume na mwekezaji kwa maneno ya mlinzi. Nikamwambia sikuja na maneno, nikamfungulia chupa niliyoleta mkononi, nikamwambia anuse, na kama ni maji anywe. Hakunywa. Akampigia simu bwana afya. Bwana afya akaleta mtaalamu wa maji, binti mdogo amevaa glavu, mwenye sanduku la chupa. Mimi nilimshuku na yeye. Nilimfuata nyuma kama kivuli, nikihakikisha chupa zinazojazwa kwangu ndizo zinazoingia sandukuni. Alipima changu, akapima cha jirani wa chini, na nikamwambia apime na cha Mama Limi. Najua nia yangu wakati ule, sitawaficha: nilitaka kuona kama na kwake pana kitu, ili nisibaki peke yangu na aibu.

Alirudi baada ya wiki kadhaa na karatasi. Wiki hizo zote Neema alikuwa Mlowo. Hapo nilikuwa nimeshapata akili. Tukakaa sebuleni, Tamari akasimama mlangoni. Binti akasoma, kisha akaiweka karatasi chini akaongea kama mtu. Kisima changu kina mafuta na kina sumu nyingine ambazo wanapeleka mbele kupimwa zaidi. Cha jirani wa chini vile vile. Cha Mama Limi kiko upande mwingine wa mgongo wa kilima, maji yake yanatoka kwingine, ni safi. Nikamuuliza, "Nikichemsha sana?" Akatikisa kichwa. "Bibi, kuchemsha kunaua vijidudu. Mafuta na kemikali havifi, havina uhai. Ukichemsha, mengine unayavuta puani na mengine yanabaki sufuriani yakiwa makali zaidi." Nikauliza kuhusu kuoga, akasema ngozi ya mtoto imeshajibu. Akatuonya tusiwashe kiberiti karibu na mdomo wa kisima. Nikauliza nikichimba kingine pembeni. Akasema ardhi ya chini haijui mpaka wa kiwanja, maji yanatembea humo, na udongo ulioshiba vitu vile unakaa navyo miaka mingi hata aliyemwaga akishahama. Mboga za bondeni, chini ya kisima, zisiliwe. Mtoto asichezee tope lile wala kuingia na viatu vyake ndani, kwa sababu vumbi la sakafuni linaishia mdomoni. Maji ya mvua tukinge, lakini yale ya kwanza yanayoosha bati tuyaache yapite, na tusikingie kwenye pipa lililowahi kubeba kitu tusichokijua.

Yadi walikanusha, baadaye wakamwaga saruji kwenye shimo, baadaye tena wakahama bila kuaga, na mabati wakang'oa. Nyasi zimeota pale, kijani kizuri kabisa, na ndicho kiwanja mnachoonyeshwa. Sijawahi kuletewa karatasi inayosema udongo ule umepona. Atakayeniletea nitamwomba na yeye ajenge pale kwanza, achimbe kisima, anywe, mimi nitazame. Ukiuziwa kiwanja mji huu usiulize tu mipaka. Uliza palikuwa na nini, na waulize wenye ng'ombe.

Jioni hiyo hiyo ya karatasi nilichukua jogoo, kwa sababu kwetu mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu, nikavuka kilima. Mama Limi alikuwa anakamua. Hakunyanyuka. Nikasimama pembeni ya zizi nikasema yote, tangu karai mpaka uji wa mtoto, sikupunguza. Alimaliza chuchu zote nne kwanza. Kisha akamtazama jogoo wangu.

"Huyu amedonoa wapi?"

Nikamwambia, "Kwangu. Bondeni."

"Rudi naye," akasema. "Unaniua mara ya pili."

Sikujua nicheke au nilie. Yeye ndiye aliyecheka, kidogo, kisha akaacha. "Nimekusikia, Mama Frida. Sijakusamehe leo, nitakusamehe taratibu. Lakini mtoto hajanikosea. Kisima changu hiki hapa. Chukueni maji." Akanimiminia kikombe cha maziwa ya vuguvugu kutoka kwenye ndoo, povu bado juu. Nilikunywa nimesimama, wanawake wawili waliokuwa wanapita wakasimama kuangalia, na sikuharakisha.

Nilirudi nyumbani na jogoo wangu kwapani, nikamwita Tamari, na jirani wa chini, ambaye kisima chake nacho kimechafuka, na watoto wake, nikawasimamisha wote uani. Nikasema:

"Kuanzia kesho, hakuna tone la kisima hiki litakaloingia nyumbani mwangu, liwe la kunywa, la kuoga au la kupiga deki. Tamari, mimi nilikosea na wewe ulisema kweli, kwa hiyo utakayeshika funguo ya mfuniko ni wewe, na hata mimi nikikuomba usinipe. Mboga za bondeni ng'oeni zote, msimpe mtu, msimpe nguruwe. Viatu vinaishia nje ya mlango. Na maji mtachota kwa Mama Limi. Kila mmoja aende na ndoo yake, apite njia ya mbele watu wakimwona, asalimie kabla ya kushusha ndoo, na akikaribishwa maziwa akae ayanywe pale pale, yaishe."